Hati ya Tuzo ya Nobel: yanayodhaniwa na yalivyo

Kila mwezi wa Oktoba majina ya washindi wa Tuzo ya Nobel yanapotangazwa, mazungumzo huelekea moja kwa moja kwenye fedha na medali. Kitu cha tatu wanachokabidhiwa tarehe 10 Desemba, yaani hati, hutajwa kwa kupita tu, na pengine ndiyo sababu imezungukwa na dhana nyingi zisizo sahihi kuliko hivyo viwili. Medali za uwanja mmoja wa tuzo hufanana mwaka hadi mwaka isipokuwa jina lililochongwa, ilhali hati ndiyo inayotamka ni nani amepewa nini na ni chombo gani kilichoamua.

Wengi huamini kwamba hati hiyo ni cheti kilichochapwa kwa wingi, mfano wa vyeti vya semina vyenye nakshi pembeni, muhuri wa rangi ya dhahabu na mstari wa nukta wa kujazia jina. Mstari huo haupo. Hati ya Nobel hufunguka kama jalada la kitabu: nje ni ngozi iliyopigwa chapa ya dhahabu yenye herufi za mwanzo za jina la mshindi, na ndani, kwa kawaida, ukurasa mmoja huwa na mchoro na mwingine maandishi yaliyoandikwa kwa mkono. Kazi hiyo hugawanywa kwa watu wa fani tofauti, yaani mchoraji, fundi wa kaligrafia (sanaa ya kuandika herufi nzuri kwa mkono) na mjalidi, na wote hulazimika kuimaliza katika muda wa takriban miezi miwili kati ya kutangazwa kwa mshindi na siku ya sherehe. Annika Rücker, mwanakaligrafia wa Uswidi, aliziandika hati za washindi wa sayansi kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, herufi kwa herufi. Hati za fasihi zina utaratibu wake wa pekee, kwa kuwa huandikwa juu ya ngozi ya mnyama iliyotayarishwa kwa ufundi wa vitabu vya Ulaya ya zama za kati, na aghalabu mchoraji hutafuta mawazo ya mchoro wake katika maandishi ya mwandishi anayetuzwa.

Hata hivyo dhana hiyo ina chembe ya ukweli upande wa Norwei, ambako tuzo ya amani ndiyo inayotolewa. Tangu mwaka 1901 hadi 1969 washindi wa amani walipewa hati yenye muundo uleule uliobuniwa na msanii Gerhard Munthe, ambaye mwenyewe alifariki mwaka 1929, miongo minne kabla muundo wake haujastaafishwa. Ørnulf Ranheimsæter alishika zamu kuanzia 1970 hadi 1990, na ni tangu 1991 tu ambapo kazi ya sanaa ya hati ya amani imekuwa ikibadilika kila mwaka. Kwa hiyo anayesema kwamba kila hati ya Nobel tangu mwanzo ni mchoro wa kipekee naye anakosea, ingawa kosa lake ni la heshima zaidi.

Kuhusu lugha, wapo wanaodhani hati imeandikwa kwa Kiingereza kwa kuwa tuzo ni ya kimataifa, na wapo wanaodhani ni Kilatini kama shahada za vyuo vikuu vya kale. Zinazotolewa Stockholm huandikwa kwa Kiswidi, na ya amani inayotolewa Oslo huandikwa kwa Kinorwei. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika riwaya zake kwa Kiingereza, alituzwa mwaka 2021 kwa jinsi alivyoyachambua, bila kulegeza msimamo na kwa huruma, madhara ya ukoloni na hatima ya mkimbizi aliyekwama kati ya tamaduni na mabara. Tamko hilo limo katika hati yake kwa Kiswidi.

Hapa kuna tofauti ambayo hata waandishi wa habari huikosa mara kwa mara. Hati za Uswidi hueleza sababu ya tuzo, lakini ya amani haielezi. Kamati ya Nobel ya Norwei ilitangaza mwaka 2004 kwamba Wangari Maathai anatuzwa kwa mchango wake katika maendeleo endelevu, demokrasia na amani, na maneno hayo yamenukuliwa Kenya nzima, kwenye hotuba na kwenye mabango. Hati yenyewe hutaja wosia wa Alfred Nobel, mwanzilishi wa tuzo, wa tarehe 27 Novemba 1895, jina la mshindi na mwaka wa tuzo, basi. Anayetarajia kusoma humo habari za miti au za Bustani ya Uhuru ya Nairobi hatazikuta.

Si kweli pia kwamba hati hutolewa na mfalme au na serikali. Mfalme wa Uswidi huikabidhi mkononi mwa mshindi jijini Stockholm, lakini saini ni za viongozi wa taasisi iliyofanya uamuzi, kwa mfano Akademia ya Kifalme ya Sayansi kwa fizikia na kemia, au Akademia ya Uswidi kwa fasihi. Oslo hata kukabidhi si kazi ya mfalme: mwenyekiti wa kamati ndiye anayetoa, familia ya kifalme ikishuhudia, na wajumbe watano wa kamati ndio waliotia saini.

Dhana nzito zaidi ni ile inayoigeuza hati kuwa tuzo yenyewe, kwamba asiyeipokea hakushinda. Historia inakataa. Mwandishi Boris Pasternak alilazimishwa na utawala wa Kisovieti kuikataa tuzo ya fasihi ya mwaka 1958 na akafa mwaka 1960 bila kuigusa, lakini jina lake halikufutwa, na mwaka 1989 mwanawe alikwenda Stockholm kuipokea kwa niaba yake. Jean-Paul Sartre aliikataa kwa hiari yake mwaka 1964, naye bado amo katika orodha ya washindi, apende asipende. Mwaka 2010 mshindi wa amani, Liu Xiaobo, alikuwa gerezani nchini China na hakuna jamaa yake aliyeruhusiwa kusafiri kumwakilisha. Mwenyekiti wa kamati aliweka medali na hati juu ya kiti kitupu mbele ya hadhira ya Oslo.

Kesi ya Gerhard Domagk, mtafiti wa dawa wa Ujerumani, inaonyesha vizuri kwamba hati, medali na fedha ni vitu vitatu vinavyoweza kutengana. Alitangazwa mshindi mwaka 1939, wakati Hitler alikuwa amewapiga marufuku Wajerumani kupokea tuzo hiyo. Akakamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, na kushurutishwa kuandika barua ya kukataa. Mwaka 1947 alikwenda Stockholm akapewa hati na medali, lakini fedha hakupata, kwa kuwa muda wa kuzichukua ulikuwa umekwisha pita kwa mujibu wa kanuni. Mwanamuziki Bob Dylan, mshindi wa fasihi, alifuata njia kama hiyo katika mazingira mepesi zaidi: hakuhudhuria sherehe ya 2016, akachukua hati na medali faraghani jijini Stockholm mwanzoni mwa Aprili 2017, na hotuba ambayo ni sharti la kulipwa akaiwasilisha mwezi Juni. Gurnah naye hakukanyaga Stockholm kupokea yake. Kwa sababu ya UVIKO-19 alikabidhiwa London, kwenye makazi ya balozi wa Uswidi.

Tuzo inapokwenda kwa taasisi, hupatikana watu wanaoamini kwamba kila mfanyakazi wake ni mshindi. Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, liligawana tuzo ya amani ya 2007 na Al Gore, na baadaye likawaandikia wanasayansi waliochangia ripoti zake vyeti vya kutambua mchango wao. Ilikuwa shukrani ya haki, ila baadhi ya waliovipokea walianza kujitambulisha kama washindi wa Nobel, hadi mwaka 2012 jopo lenyewe likalazimika kutoa taarifa kwamba mshindi ni taasisi na si ofisa wala mwanasayansi wake yeyote.

Vivyo hivyo, hakuna cheti cha kuteuliwa kuwania Nobel. Wenye haki ya kupendekeza majina ya tuzo ya amani ni maelfu, wakiwemo wabunge na mawaziri wa nchi yoyote na maprofesa wa fani kadhaa, na kumbukumbu za mapendekezo hufungwa kwa miaka 50. Anayetundika ukutani cheti cha namna hiyo, hata kiwe na utepe na lakiri, hakukipata Stockholm wala Oslo, na ni vyema kumwuliza alikilipia kiasi gani.

Mwisho, wapo wanaofikiri kwamba heshima huhama pamoja na vifaa. Knut Hamsun, mshindi wa fasihi wa 1920, alimpelekea Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, medali yake mwaka 1943, na Goebbels hakuwa mshindi wa chochote kwa hilo. Mwandishi wa habari wa Urusi Dmitry Muratov aliuza medali yake kwa mnada jijini New York mwaka 2022 kwa dola milioni 103.5 ili kuwasaidia watoto waliokimbia vita vya Ukraine. Mnunuzi, ambaye jina lake halikutangazwa siku hiyo, alipata dhahabu, na mshindi wa amani wa 2021 pamoja na Maria Ressa akabaki kuwa Muratov.