Usimwachishe ndugu yako dawa kabla ya tathmini ya ulemavu

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma: ukimpeleka ndugu mwenye ugonjwa wa akili kwenye tathmini ya ulemavu, mwachishe dawa kwanza, la sivyo ataonekana mzima na kunyimwa haki yake. Si kweli, na ni hatari. Dawa zikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua pia vikwazo vinavyotokana na sababu za kiakili. Haidai mtu aonekane amechanganyikiwa siku hiyo. Kinachosaidia ni historia. Beba kadi ya kliniki na daftari la mambo ya nyumbani: Jumatatu alianika dagaa vizuri, kuanzia Jumanne hakutoka chumbani wala kuoga siku nne. Yaeleze wewe unayeishi naye, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi husema tu, "Niko sawa."

Naelewa hofu inakotoka: mguu uliokatwa kila mtu anauona, maradhi haya hayaonekani. Ukiwa na shaka, muulize muuguzi wa kliniki au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Na ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma, kwa upole.