Mto uliowaka Cleveland: picha ile si ya 1969

Huenda umewahi kuiona picha ya mto unaowaka: boti ya kuvuta meli imezingirwa na moto, moshi mweusi umetanda, wazimamoto wanamwaga maji. Mara nyingi maelezo yake husema ni Mto Cuyahoga, jijini Cleveland, Marekani, Juni 1969. Mto ni huo huo. Mwaka sio.

Picha ile ilipigwa 1952. Moto wa tarehe 22 Juni 1969 ulizimwa ndani ya takriban nusu saa, kabla mpigapicha hajaufikia. Hasara ilikadiriwa kuwa dola 50,000, hasa kwenye madaraja mawili ya reli. Ule wa 1952 uliteketeza mali ya zaidi ya dola milioni 1. Jarida la Time lilitumia picha ya zamani Agosti 1969, na tangu hapo mambo yakachanganyika.

Wala haukuwa moto wa kwanza. Tangu 1868 mto huo ulikuwa ukiwaka mara kwa mara, maana viwanda viliugeuza mfereji wa taka. Mafuta yalielea juu, magogo na takataka vikanasa kwenye nguzo za madaraja, ikabaki cheche tu. Moto wa 1912 uliua watu 5.

Kinachoniuma ni jinsi kosa hili linavyowasahau wakazi wenyewe. Mwaka 1968, kabla ya moto, walipiga kura kuidhinisha mkopo wa dola milioni 100 za kuusafisha mto. Na meya Carl Stokes, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa meya wa jiji kubwa nchini humo, siku moja baada ya moto wa 1969 aliwapeleka waandishi wa habari mtoni, akawaonyesha uchafu unakotoka.