“Fundi, niwekee foki kubwa”: mnayoniambia kuhusu mauntini, na ukweli wake

Mtu ananiletea mauntini, ile baiskeli ya milimani na njia mbovu, hata sijaishika ashanipa hukumu: fundi, niwekee foki kubwa, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, wenye shoki ndefu. Hajasema inamsumbua nini, hajasema anaendesha wapi, yeye kaona video watu wanaruka majabali huko Canada, basi na yeye anataka ile foki. Wiki hii nimeambiwa tena nikasema haya, wacha niyaandike yote yaishe, manake nimechoka kuyarudia nikiwa na spana mkononi.

Nianze na hilo la foki kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote.

“Foki ikiwa ndefu ndio baiskeli inakuwa kali.”

Sivyo kabisa. Fremu inachorwa kwa foki ya urefu wake. Hizi mauntini tunazopata za mitumba, zisizo na shoki nyuma, nyingi zimechorwa kwa foki ya milimita 80 au 100, yaani hicho ndicho kiasi foki inachoweza kubonyea. Ukichukua ya 140 ukaibandika kwenye fremu ya 100, mbele yote inainuka. Kila milimita 20 unazoongeza zinalaza shingo ya fremu, lile bomba fupi la mbele inamoingia foki, kama digrii moja, kwa hivyo hapo umelaza digrii mbili, na ukisikia digrii mbili unaona ni kitu kidogo, lakini nenda nazo kwenye kile kipandio cha Mazeras kuelekea Rabai, hapa nje ya Mombasa, ndio utajua. Kiti kimerudi nyuma, uzito wako wote umeangukia gurudumu la nyuma, la mbele limekuwa jepesi linatangatanga tu, unalipeleka kushoto linakwenda linakotaka, halafu jioni unanipigia simu ati fundi umenifungia vibaya.

Na hapo ni kuendesha tu, hatujafika kwenye kuvunjika. Foki ndefu ni mtaimbo. Kila ukigonga shimo inaisukuma shingo ya fremu nyuma kwa nguvu ambayo mwenye kuichora hakuipangia, na ufa unaanzia pale bomba la chini linaposhikana na shingo, kwa upande wa chini usipopaangalia. Mwanzo utaona rangi imepasuka kamstari kembamba tu. Pafute vumbi na kitambaa, upitishe ukucha, ukikwama hapo shuka kwenye baiskeli, usiseme ngoja nifike Nyali kwanza.

Haya, tuseme umenishinda kwa maneno na pesa unazo. Bado foki haijaingia! Foki za kisasa nyingi shingo yake, lile bomba linaloingia kwenye fremu, chini ni nene, inchi moja na nusu, juu inchi moja na 1/8, na fremu yako ya zamani shimo lake ni jembamba juu mpaka chini, haiingii hata ukiisomea dua. Ukipata inayoingia, ekseli yake huenda ikawa ya milimita 15 na upana wa 110, na gurudumu lako ni la ekseli nyembamba ya kufungua kwa mkono, kwa hivyo unataka habu mpya, kile kitovu cha gurudumu, na habu mpya manake gurudumu lisukwe upya. Kisha foki hio haina vishikio vya breki za rimu, unataka breki ya diski. Kama magurudumu yako ni ya inchi 26, foki mpya nzuri ya saizi hio utaitafuta mpaka uchoke. Umekuja kubadilisha kitu kimoja, umeondoka umenunua nusu ya baiskeli, na fremu bado ni ile ile.

Sasa kuna wale wa upande wa pili, wanaosema basi niwekee yoyote bora iwe na shoki. Zile foki za bei ya chini ndani ni springi tu, hakuna kitu cha kuizuia isirudi kwa kasi, ikibonyea inakurushia mikono. Inaongeza uzito, haiongezi raha. Na kwetu pwani kuna chumvi, jamani. Miguu ile ya juu inayong'aa kwenye foki za bei ya chini ni chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikishatobolewa na hewa ya bahari inaanza kuota vidoa vidoa vya kutu, na kila kidoa kinapopita kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji na uchafu, kinaikata. Sili ikikatika maji na mchanga vinaingia ndani na foki inaganda. Nimefungua foki za watu wanaopenda kupita ufukweni Bamburi maji yakitoka, ndani mnatoka uji wa kahawia. Hata foki nzuri si ya kununua ukasahau, RockShox wenyewe, wanaotengeneza foki, wanataka miguu ya chini ifunguliwe isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Uliza waliokuja kwangu kununua foki ya hewa, ile ya kujazwa upepo badala ya springi, wangapi wamerudi kwa huduma hio. Wanarudi ikivuja.

Na kitu kingine, wengi wanaoniambia foki imekufa haijafa, imejazwa upepo kupita kiasi. Foki ya hewa inapimwa kwa uzito wako, si wa rafiki yako. Chukua kebotai, ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye mguu wa juu wa foki, isukume mpaka iguse sili. Vaa vitu vyako vyote na begi la maji, shika ukuta, kaa juu ya baiskeli taratibu, shuka taratibu usiibonyeze. Pima kutoka kwenye sili mpaka kebotai. Kwa foki ya 100 unataka kama milimita 15 mpaka 25. Ukipata 5 basi unaendesha gongo, punguza upepo. Tumia pampu ya shoki yenye geji, mle ndani nafasi ni ndogo sana, ile kompresa ya petroli stesheni itakupita kiwango kabla hujafumba jicho na inaweza kukupasulia sili.

Mimi ushauri wangu, na nitausema mpaka nife, kwa mtu wa kisiwani anayezunguka Nyali, Mtwapa, mara moja moja Vipingo kwenye njia za mkonge: toa hio foki iliyoganda, weka foki kavu isiyo na shoki, urefu ule ule kutoka ekseli mpaka juu ukitoa kile inachozama mtu akikaa, kisha pesa iliyobaki nunua tairi nzuri pana. Watu wanaguna. Wanaona baiskeli bila shoki itachekwa. Haya, wacheni wacheke, wewe utakuwa mbele.

Na tukishataja tairi: “Tairi ngumu ndio inakwenda mbio.” Kwenye lami ya Moi Avenue labda. Kwenye matumbawe na mchanga tairi ngumu inadundadunda kila jiwe, kila mdundo unakula nguvu zako, na kwenye mchanga inachimba inazama. Ile psi 65 (kipimo cha upepo) iliyoandikwa ubavuni ni mwisho wa tairi kustahimili, si kiwango cha kuendeshea. Mtu wa kilo 70 na tairi ya inchi 2.25 yenye tyubu aanze na psi 30 hivi, ashuke mbilimbili mpaka aanze kusikia rimu inakaribia kuguswa, hapo arudishe kidogo. Ni bure hio, hainunuliwi. Wale wa kutoa tyubu na kutia maji ya kuziba, sawa, hapa kwetu penye miba ya michongoma inasaidia sana, lakini joto letu linayakausha haraka, fungua uangalie kila baada ya miezi miwili mitatu, usingoje pancha ndio ukumbuke.

“Gia nyingi ndio bora, yangu ina 21.” Ishirini na moja ya kuhesabu kwenye stika. Chukua ile ya kawaida, mbele meno 42, 34 na 24, nyuma kuanzia 14 mpaka 28. Gia ya 42 kwa 28 na gia ya 24 kwa 16, zote mbili krenki ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu, kitu kile kile, na ziko nyingine zinazokaribiana hivyo hivyo. Mwenye duara moja mbele la meno 32 na kaseti, lile rundo la meno la nyuma, ya meno 10 mpaka 51 ana gia 12 tu, na ana nyepesi kuliko yako na nzito kuliko yako. Ila usije na habari ya nibadilishie kaseti tu iwe 12. Wengi wenu nyuma mna friwili ya kukazwa kwa nyuzi, habu yake haipokei kaseti, na ukibadilisha habu bado kuna shifta ya kubadilishia gia, direila inayohamisha cheni, na cheni yenyewe, vyote vinakwenda pamoja. Kama hukwei vilima, bakia na yako, kaza waya, endesha.

“Cheni mpya inatosha, kaseti bado ina meno.” Meno kila kaseti inayo! Cheni ikivutika inayala meno kwa urefu wake mpya, ukitia cheni changa hapo inaruka ukikanyaga kwa nguvu. Chukua rula ya inchi, hesabu vipande 24 kutoka pini mpaka pini: cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 badilisha cheni, ikifika 1/8 kaseti nayo ishakwenda. Na ile WD-40 ya kopo la bluu na njano mnayopulizia kila asubuhi inafukuza maji, ikishakauka cheni imebaki kavu, inapiga kelele kama kawaida. Tia mafuta ya cheni, tone moja kila kiungo, kisha futa ya nje yote, mchanga unafuata mafuta ya nje.

Halafu mnaopulizia hapo hapo karibu na diski, pedi zikinyonya mafuta zimeisha, hakuna kuzichoma kwenye jiko la gesi kama mlivyoona sijui wapi.

“Mafuta ya breki ni mafuta ya breki.” Hili lina gharama mbaya. Kuna breki zinazotumia mafuta ya madini, Shimano zote za mauntini ni hizo, na kuna zinazotumia DOT kama ya gari, SRAM nyingi ni hizo ingawa siku hizi wana na za madini. Ukitia ya gari kwenye breki ya madini mipira ya ndani inavimba, mkono wa breki unakwama au unazama mpaka kwenye usukani, na hakuna kusafisha kutakakoirudisha. Imeandikwa kwenye kifuniko au kwenye mkono wenyewe, somo dogo tu. Hujui, usitie.

Vifaa vya kuvaa navyo. Helmeti ya mitumba siinunui, simshauri mtu. Ile foamu ndani inafanya kazi kwa kubondeka, na ikishabondeka mara moja hairudi, na kwa nje unaweza usione kitu, plastiki inang'aa tu. Hujui kichwa kilichotangulia kiligonga nini. Tafuta mpya yenye alama ya usalama ya EN 1078 (ya Ulaya) au CPSC (ya Marekani), hata ya bei ndogo, ikae sawasawa juu ya nyusi vidole viwili, si kisogoni kama kofia ya harusi. Kiti laini: hapana, unakalia mifupa miwili, kiti laini kinazama na kinakubana kwengine kabisa, nunua kaptula yenye pedi, na jamani, ndani yake hakuvaliwi kitu. Naulizwa kwa kunong'onezwa kila mara. Ndio, hakuvaliwi kitu, ule mshono wa chupi ndio unaokuchubua.

La mwisho, “Yangu ni aluminiamu, haishiki kutu.” Haishiki kutu nyekundu, inaota unga mweupe. Na pwani hapa, aluminiamu ikikaa imegusana na chuma penye unyevu wa chumvi, inaliwa mbio, na ndio hivyo nguzo ya kiti ya aluminiamu inagandana na fremu ya chuma mpaka zinakuwa kitu kimoja. Hata fremu ya aluminiamu inaganda. Spoki na nati zake vilevile, unakuja nikunyooshee rimu, nati inakatikia mkononi. Legeza bolti ya kiti kila mwezi, toa nguzo yote, futa, pakaza grisi ndani na nje, rudisha kwenye alama yako. Dakika tano. Ukitoka kuendesha ufukweni mwagia maji baridi, yasiyo ya chumvi, ya ndoo, usipeleke karwashi, ile presha inapitisha maji na chumvi mpaka kwenye beringi. Na nguzo ikishaganda usiitwange nyundo wala usiizungushe kwa kushika kiti, niletee kabla hujajaribu, manake ikishapindia ndani nitakuwa naikata kwa msumeno vipande vipande na hio kazi naitoza kwa saa.