Kiwewe cha mzamiaji: ni nini, na kwa nini mapangoni kinaua

Julai 2018, kaskazini mwa Thailand, daktari wa usingizi kutoka Australia, Richard Harris, aliwadunga watoto 12 na kocha wao sindano ya ketamine, mmoja baada ya mwingine, ndani ya pango la Tham Luang walimonaswa baada ya kujaa maji. Kabla ya sindano kila mmoja alimezeshwa kidonge cha kutuliza wasiwasi, na pamoja na sindano akapewa dawa ya kukausha mate yasije yakamkaba. Wakavalishwa vinyago vya kufunika uso mzima, wakafungwa mikono nyuma, na wazamiaji wakawapitisha chini ya maji wakiwa hawajitambui. Dawa ilipoanza kuisha njiani, wazamiaji hao, wengi wao si madaktari, waliwadunga tena kama walivyofundishwa na Harris. Wote 13 walitoka hai.

Mtu akiusikia mpango huo kwa mara ya kwanza anauona wazimu. Hata Harris hakuwa na imani nao. Lakini njia iliyobaki ilikuwa kuwapitisha wakiwa macho, na hilo waokoaji walishalionja. Siku chache nyuma Waingereza Rick Stanton na John Volanthen, ambao baadaye ndio waliowagundua watoto, waliwakuta wafanyakazi wa pampu wamenaswa humo humo, wakawavusha kwa kuzama kipande kifupi tu. Watu wazima wale walipapatika mno chini ya maji. Mtoto wa miaka 11 angestahimili vipi safari ya saa kadhaa, gizani, kwenye maji ya tope? Angepatwa na kiwewe, akafa, na pengine akafa na mwokoaji wake.

Kiwewe, kwa maana inayowahusu wazamiaji, ni hali ya mtu ambaye hofu imemnyang'anya uwezo wa kuchagua. Mwenye hofu ya kawaida bado anafikiri: anatazama kipimo cha hewa, anamtafuta mwenzake, anaamua kurudi. Mwenye kiwewe amebakiwa na jambo moja tu kichwani, na mara nyingi ndilo litakalomuua. Anang'oa kifaa cha kupumulia kinywani ilhali mtungi bado una hewa. Anaivua miwani. Anamparamia mwenzake na kumng'ang'ania. Wapo pia wanaoganda: macho yamekodolewa, mikono haisogei, ishara hawajibu. Hicho nacho ni kiwewe, na ni cha hatari zaidi kwa sababu kwa mbali mtu huyo anaonekana ametulia.

Kinaanzia kwenye pumzi. Mtu akishtuka anapumua haraka haraka na kwa juu juu, na pumzi za namna hiyo haziitoi vizuri hewa ukaa mapafuni. Hewa ukaa ikijazana mwilini ndiyo inayompa mtu hisia ya kukabwa, hata kama oksijeni anayo ya kutosha. Basi anapumua haraka zaidi, na hisia ya kukabwa inaongezeka. Kina cha maji kinaongeza ubaya juu ya ubaya: mita 30 chini mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, hewa inakuwa nzito kuvuta, na kila pumzi inakula mtungi mara nne ya ambavyo ingeula nchi kavu. Mtungi ambao mtu ametulia angeumaliza kwa nusu saa unaweza kuisha kwa dakika chache.

Baharini, kwenye maji ya wazi, aliyeshikwa na kiwewe hukimbilia juu. Ni hatari, mapafu yanaweza kupasuka akibana pumzi, lakini walau juu kuna hewa. Pangoni juu kuna mwamba. Njia ya kutokea ni ile ile aliyoingilia, pengine mita mia kadhaa nyuma, na yeye kwa kupapatika kwake amekwisha kuitibua. Sakafu za mapango mengi zimelaliwa na tope laini sana. Teke moja baya la mapezi linalifumua, na mwanga wa tochi unageuka ukuta mweupe. Mkono wako mwenyewe huuoni.

Ndiyo maana mafunzo ya kuzamia mapangoni hayatumii muda mwingi kumwambia mtu asiogope. Yanachofanya ni kuamua mapema, wakati kichwa bado kimetulia, yale ambayo kichwa chenye hofu kitashindwa kuyaamua. Aliyeyapanga maamuzi hayo kwa mpangilio ni Sheck Exley, mwalimu wa hisabati kutoka Florida. Mwaka 1979 alichapisha kitabu kidogo kilichochambua ajali moja baada ya nyingine, na masharti yaliyotokana na kazi hiyo bado yanafundishwa: uwe umefunzwa kuzamia mapangoni hasa, uwe na kamba isiyokatika kutoka maji ya wazi hadi ulipo, thuluthi mbili za hewa ziwe za kutokea, usizame chini kuliko hewa unayopumua inavyoruhusu, uwe na taa tatu.

Hilo la thuluthi linastahili kuelezwa, maana wengi wanalipita kama kanuni ya kawaida ya akiba. Tuseme mtungi una bar 210 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini). Bar 70 za kwendea. Kipimo kikisoma 140, unageuka, hata kama unachokitafuta unakiona mbele yako. Bar 70 za kurudia. Zile 70 za mwisho si zako. Ni za mwenzako, endapo mtungi wake utaishiwa pale mlipofika mbali kabisa, wakati yeye naye anahitaji 70 ili atoke. Hesabu inatimia, ila inatimia kwa watu wawili wanaopumua kwa utulivu. Mmoja tu akianza kuhema, thuluthi hazitoshi. Kwa hiyo walimu makini huwahimiza wanafunzi wageuke mapema zaidi, na huwarudisha kwenye pumzi kila siku hadi wanafunzi wanachoka kulisikia neno hilo.

Kamba nayo hufunzwa nchi kavu kwanza. Mwalimu huifunga kutoka mti hadi mti, mwanafunzi anafumba macho na kuifuata kwa kuizungushia kidole gumba na kidole cha shahada bila kuibana. Aonekane kituko kwa wapita njia, si neno. Baadaye hurudia zoezi lile lile majini, taa zimezimwa, kisha taa zimezimwa huku akipumua kwenye mtungi wa mwenzake. Anapoteza kamba makusudi na kuitafuta kwa kupapasa. Akija kukutwa na tope la kweli, mkono unajua la kufanya kabla kichwa hakijaanza kupiga kelele.

Ipo pia kanuni ya heshima ambayo mimi naiona bora kuliko vifaa vyote: yeyote kwenye kundi anaweza kusitisha safari, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na hapana wa kumhoji. Anainua dole gumba, basi wote wanageuka. (Wageni wa fani hii huidhani ni ishara ya kusema mambo safi.) Kanuni hiyo inaiwahi hofu ikiwa bado changa. Kundi ambalo mtu anaona haya kuinua dole lile linatembea na kiwewe kinachosubiri zamu.

Watu wengi, kila wakisikia habari za ajali, hutazama pango. Giza, maji, mwamba kichwani: mwanasaikolojia Paul Slovic alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watu hawaipimi hatari kwa idadi ya vifo pekee, jambo linalotisha na lisilozoeleka hupewa uzito mkubwa kuliko lile linaloua kila siku mbele ya macho. Mtu atapanda bodaboda bila kofia usiku, abiria wawili nyuma ya dereva, na akifika nyumbani atashangaa picha za wazamiaji wa mapangoni na kuwaita wehu.

Ukitazama waliokufa, picha inabadilika. Uchambuzi wa vifo vya mapangoni nchini Marekani kati ya 1985 na 2015 ulihesabu watu 161, wengi wao Florida. Zaidi ya nusu hawakuwa na mafunzo ya mapango. Mlolongo uliojitokeza sana ni huu: tope linafumuka, mtu anapotea njia, hewa inaisha, anazama. Katika miaka hiyo 30, vifo vilishuka kutoka karibu 8 kwa mwaka hadi chini ya 3.

Lakini "hakuwa na mafunzo" haina maana ya mtu aliyeokota mtungi ufukweni. Kwenye milango ya mapango mengi ya Florida kuna bango lenye picha ya kifo kashika mundu, linalomwambia mzamiaji asimame hapo hapo, na linataja wazi kwamba miongoni mwa waliofia humo wamo walimu wa kuzamia maji ya wazi. Hao ndio wanaodanganyika kirahisi. Wana cheti, wana mamia ya safari baharini, hofu yao imelala kwa sababu miaka yote waliyozama juu yao palikuwa wazi. Maji humo pangoni ni maangavu kama kioo wakati wa kuingia. Ukiliacha bango hilo, hakuna kinachowaambia kwamba ujuzi walio nao ni wa mahali pengine.

Na waliofunzwa je? Nao hufa, mara nyingi wakiwa mbali zaidi au chini zaidi, mahali ambapo nafasi ya kukosea ni finyu. Januari 2005 David Shaw alirudi katika shimo la Boesmansgat, Afrika Kusini, mita 270 chini, kuutoa mwili wa kijana aliyefia humo mwaka 1994. Kamera aliyoivaa kichwani ilibaki ikirekodi. Kamba ilimnasa, akafanya kazi nzito katika kina ambacho hewa ni nzito kuvuta, hewa ukaa ikamlemea, pumzi zikaenda mbio hadi akapoteza fahamu. Hakuwa mwoga wala mwanagenzi. Kilichomshinda ni ule mzunguko wa pumzi unaomuua aliyeshikwa na kiwewe, ila kwake ulianzia kwenye kazi ngumu. Exley naye, mwenye masharti yale, alikufa Aprili 1994 katika shimo la Zacatón, Mexico, akijaribu kufika mita 300.