Khao niao: wali usiohitaji sahani

Kiswahili hakikubali uchanganye mpunga, mchele na wali. Mpunga ungali na maganda yake, mchele umeshakobolewa, wali umeshaiva. Kilao, lugha ya Laos, kinatumia neno moja tu, khao, kisha kinaongeza kijineno nyuma yake kueleza hali: khao peuak ni mpunga, khao san ni mchele. Khao hilohilo ndilo linalobeba maana ya chakula. Kula ni kin khao. Ukipishana na mtu kijijini, huenda akakusalimu "Kin khao leo bo?", yaani umeshakula?

Khao niao, basi, ni khao inayonata. Ndicho chakula kikuu cha Laos, nchi isiyo na pwani iliyobanwa kati ya Thailand, Vietnam, China, Kambodia na Myanmar, na hakuna watu duniani wanaokula wali wa aina hii kwa wingi kama wao. Hujiita luk khao niao, watoto wa khao niao, na wanalisema kwa fahari.

Mtu wa kwetu akisikia wali unaonata, fikra humpeleka kwenye wali uliozidishiwa maji ukawa mashendea. Sivyo. Hapa hakuna kosa la mpishi, ni mbegu nyingine kabisa. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele unaotoa wali wa kuchambuka una amilosi ya kutosha, ndiyo maana punje zake hazishikani. Mchele wa khao niao karibu hauna amilosi. Hata ukiwa mbichi unautambua kwa macho: punje zake ni nyeupe kama chokaa, wakati punje za mchele wa kawaida hupitisha mwanga kidogo. Kunata huko hakuhusiani na gluteni, protini ya ngano.

Kwa hiyo hata upishi wake ni mwingine. Chukua kijiji kama Muang Ngoi, kaskazini mwa Laos, ukingoni mwa mto Nam Ou. Kwa miaka mingi kilifikika kwa mashua tu, kama saa moja ukipanda mto kutoka Nong Khiaw. Katika vijiji vya namna hii siku ya chakula huanza jana yake: mchele hulowekwa usiku kucha. Alfajiri humwagwa maji na kutiwa kwenye huat, kikapu cha mianzi chenye umbo la koni, kinachokalishwa juu ya mdomo wa sufuria yenye kiuno chembamba. Maji yanachemka chini, mchele uko juu, na havigusani. Punje zilikwisha kunywa maji usiku, sasa zinahitaji mvuke peke yake. Ukithubutu kuutokosa mchele huu kama wali wa kawaida, utapata gundi.

Baada ya dakika kumi na tano hivi mpishi hushika kikapu kwa mikono miwili na kukirusha kidogo, na donge zima la wali hugeuka, la juu likawa chini. Ukiiva, haupakuliwi palepale. Humwagwa juu ya ubao na kutandazwa kwa mwiko ili mvuke utoke, kwa sababu mvuke ukibaki ndani wali utatota. Ndipo unapoingia kwenye tip khao, kikapu kidogo chenye mfuniko, ambacho ufumaji wake unaacha wali upumue bila kukauka. Mimi naona akili yote ya chakula hiki iko kwenye kikapu hicho. Mkulima anakibeba begani kwenda shambani, mvuvi anakiweka kwenye mtumbwi, na mchana wanakula bila moto, sahani wala kijiko. Mlo ukiisha mfuniko hurudishwa, kwani kukiacha tip khao wazi huhesabiwa kuwa ni mkosi.

Katika mji wa Luang Prabang na vijijini, wali wa kwanza wa asubuhi una wenyewe: watawa wa Kibudha hupita na bakuli zao, na watu waliopiga magoti kando ya njia humtilia kila mtawa tonge dogo.

Namna ya kuula, aliyezoea ugali hahitaji kufundishwa. Unamega, unaviringisha kwa vidole, unachovya. Ukiwa umepikwa vizuri, wali huu hujishika wenyewe na hauachi ute vidoleni. Na kwa kuwa kila tonge litachovywa, vyakula vingine vimejipanga kulifuata. Kuna jaew, jina la jumla la chatini zao: pilipili, vitunguu saumu na vitunguu vidogo huchomwa kwenye makaa hadi maganda yawe meusi, kisha hutwangwa kinuni. Kinachotia jaew nguvu mara nyingi ni padaek. Hao ni samaki wa mtoni waliochanganywa na chumvi na pumba za mpunga, wakajazwa mtungini na kuachwa miezi sita, mwaka, hata zaidi. Si mchuzi mwepesi wa samaki unaouzwa kwenye chupa. Padaek ni nzito, ina vipande, na harufu yake inajulisha ulipo mtungi. Anayempenda papa mkavu au ng'onda ataelewa kwamba harufu na ladha ni mambo mawili. Tazama pia kwamba mpunga uleule uliotoa wali ndio uliotoa pumba za kuhifadhia samaki.

Mto nao unalisha. Maji yanaposhuka kiangazi, watu hulima mboga kwenye kingo zilizoachwa wazi, na huvuna khai, mwani wa maji baridi unaoota juu ya mawe. Huoshwa, hutandazwa kama karatasi, hunyunyiziwa ufuta na vipande vya nyanya na vitunguu saumu, huanikwa, kisha hukaangwa chapuchapu na kuliwa na jaew bong, pilipili iliyotiwa ngozi ya nyati wa kufugwa.

Hapa ndipo roho inaponiuma. Nam Ou sasa una mabwawa saba ya umeme yaliyofuatana, na safari ndefu ya mashua kutoka Phongsali hadi Luang Prabang imekatika. Maji yaliyofuata mvua na kiangazi sasa yanafuata pia milango ya mabwawa. Bustani ya ukingoni inataka maji yashuke kwa wakati wake. Khai inataka maji maangavu yanayopita juu ya mawe. Wali unaweza kununuliwa sokoni. Kitoweo hiki hakitoki kwingine ila mtoni.

Wali ukibaki hautupwi. Mchele mbichi wa khao niao hukaangwa mkavu, ukasagwa na kutiwa kwenye laap, nyama ya kukatakata yenye majani mabichi, lakini wali uliokwisha kuiva una njia yake: hufinyangwa bapa, hupakwa yai na chumvi, na kuchomwa juu ya makaa. Hiyo ni khao chi, na asubuhi ya baridi watoto huila ingali ya moto, karibu na jiko.