Kivumishi cha Kiingereza hakitangulii nomino siku zote

Wanafunzi wengi wa Kiingereza mjini Bukavu wamekariri kanuni moja: Kiswahili husema "nyumba kubwa", Kiingereza hugeuza kuwa "big house", basi kivumishi hutangulia nomino daima. Hiyo "daima" ndiyo inayopotosha.

Maneno asleep (amelala), alive (hai), afraid (mwenye hofu) na alone (peke yake) hayatangulii nomino. Hufuata kitenzi kama "is". Kwa hiyo "the asleep child" ni kosa, "the child is asleep" ni sahihi. Sababu ni ya kale: asleep na alive yalianza kama kihusishi na nomino, yaani "katika usingizi", "katika uhai". Ukitaka kutanguliza sifa, badili neno lenyewe: "a sleeping child", "a live fish".

Baada ya something au nobody, kivumishi huja nyuma, kama Kiswahili chetu: "something new", kitu kipya. Vipimo vivyo hivyo: "five metres long", urefu wa mita tano.

Kwa aliyesomea Kifaransa upo mtego mwingine: wingi. "Maisons blanches", nyumba nyeupe, huchukua s mara mbili. Kiingereza ni "white houses", kamwe si "whites houses".