Nukta ya kununa: kwa nini "Sawa." ya mzee haimaanishi kakasirika

Juzi kati nimemtumia mzee elfu arobaini ya kutengenezea pampu ya kisima, nikamwandikia "mzee hela ya pampu hiyo icheki", kimya kama nusu saa hivi, halafu ikaingia meseji: "Nimeiona." Basi. Na nukta yake pale mwisho imekaa kama msumari. Mchana mzima sina raha, najiuliza labda ndogo, labda alitaka niipeleke mwenyewe, jioni nikapiga, mzee yuko zake freshi ananisimulia habari za fundi, nikamuuliza kwani mbona meseji yako ilikuwa kali vile. Kali wapi? Nikamwambia ile nukta. Alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza darasa la tatu nilifundishwa na nani.

Hiyo ndo naiita nukta ya kununa. Mwandishi kafunga mlango tu kama anavyofunga siku zote, msomaji kasikia umebamizwa. Watu wa umri wangu kushuka chini tunaisikia karibu wote, wazazi wetu hawaisikii kabisa.

Kwenye barua au kitabu nukta ina kazi, bila yenyewe hujui sentensi imeishia wapi. Kwenye kuchati kazi hiyo imechukuliwa na kitufe cha kutuma, ukishabonyeza sentensi imeisha na kila mtu kaona imeisha, kwa hiyo nukta ikabaki haina ajira na kitu kisicho na ajira mtu akikikuta mlangoni lazima aulize kimefuata nini. Ndo ikapewa kazi ya kuonyesha uso. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton kule New York, Celia Klin na wenzake, waliwapa wanafunzi 126 wasome majibu ya neno moja moja, mengine na nukta mengine bila, na kwenye meseji yale ya nukta yakaonekana hayatoki sana moyoni. Majibu ya aina hiyohiyo yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti ikapotea.

Sisi wa Kiswahili tuna mzigo wa ziada hapa. "Umekula" ni swali na "umekula" ni habari, kinachotofautisha ni sauti tu, labda uweke "je" na kwenye chati nani anaandika "je"? Mdogo wangu alimtumia mama "unakuja leo" hivyohivyo bila alama, mama akajibu "Nani kasema nakuja?" wakavutana robo saa. Nadhani ndo maana tukaanza kuvuta irabu, maana sauti lazima ipate pa kukaa. "Sawa" ni sawa, "sawaa" ni sawa na tabasamu, "sawaaaa" inategemea mmeachanaje jana, na "Sawa." hiyo ni kikao cha familia. "Haya" ndo usiiguse kabisa.

Halafu kuna suala la nani alijifunzia wapi. Mimi nilijifunzia kwenye kitochi, meseji moja herufi 160 na kila herufi ina gharama ya kidole: kupata "s" unabonyeza 7 mara nne, "x" unabonyeza 9 mara mbili tu, "si" nzima ni mibonyezo saba wakati "c" ni mitatu. Sisemi ndo chanzo pekee cha "xaxa" na "cjui", kuna mbwembwe pia, ila mtu anayebana hivyo nukta ataitoa wapi? Mzee yeye alijifunzia kwenye barua, zile za "dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Nusu ukurasa wa salamu ndo hoja inaingia.

Na hapa ndo nilikuja kugundua kitu. Mzee anapima meseji kichwani, sisi tunaipima mkiani. Yangu ya pampu ilianza bila shikamoo, hilo aliliona vizuri tu na alinikumbusha kwenye simu, yaani wakati mimi nahesabu nukta yake yeye alikuwa anahesabu salamu yangu. Tulikoseana adabu wote wawili na kila mmoja hakujua kosa lake.

Nukta tatu ndo balaa zaidi. Mama mdogo anaziweka kila mahali, "Nimefika salama... watoto wazima... nitakupigia...", kwake ni kuvuta pumzi, mimi nikisoma "nitakupigia..." naanza kuwaza kuna msiba. Chekesho ni kwamba shuleni tuliambiwa zinaitwa alama za dukuduku, sasa dukuduku si ndo hilo linalonikaa moyoni? Herufi kubwa tupu, kwa kijana ni kufokewa, kwa shangazi ni macho yamechoka.

Dole gumba nalo lina kesi yake, tena ya mahakamani kweli. Kanada, jimbo la Saskatchewan, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani, mkulima akajibu 👍, mzigo haukuja. Mkulima akasema nilimaanisha nimeuona tu, jaji mwaka 2023 akasema hapana, hiyo ni saini, lipa, na ni zaidi ya dola 82,000 za Kanada. "Nimeiona" na "nimekubali" kwenye kidole kimoja.

Mimi mwenyewe nishaanza kuzeeka, mdogo wangu kaniambia 😂 ni ya wazee, wao wakicheka wanaweka fuvu au kilio, mara ya kwanza nilimpa pole.

Kwa mzee wangu sasa hivi nukta naipita tu. Nimekaa nikakumbuka akinuna kweli huwa haandiki, anapiga, na neno la kwanza ni jina langu la ubatizo.